Nyuki Waliotoka Kwenye Jembe la Maduhu

Naanza na kosa langu, ili wenye kucheka wacheke mapema na wenye kusoma wabaki. Niliwahi kutengeneza nyuki kwenye kompyuta nikawapeleka Kishapu, na watu wazima, wenye ng'ombe na wajukuu, wakaapa kutokwenda ngomani kwa kuwaogopa. Sikukusudia nyuki. Nilikusudia cheche za dhahabu. Lakini kompyuta hufanya inachoambiwa, na aliyekuwa anaiambia ni mimi.

Nimestaafu mwezi uliopita. Sherehe haikuwepo, kwa sababu ofisi ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Ngokolo, Shinyanga, mfanyakazi alikuwa mimi, bosi alikuwa mimi, na bosi hakuona sababu ya kumkatia keki mfanyakazi wa aina ile. Nilizima mashine, nikaifunika kwa kitenge, nikahamia sebuleni. Katika safari nilizofanya kwa hiari yangu, hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Jirani yangu Mama Kulwa, aliyehamia hapa miaka mitatu iliyopita akitokea Kishapu, alikuwa kila akipita anauliza kama kweli mle ndani nina kazi au nimejificha. Nilimjibu kwamba ni vyote viwili.

Ninyi vijana mnaoshika kazi hii sasa mmeniomba niandike nilivyoifanya. Vyeo na mapato nitaviruka. Vyeo sikuwa navyo, na mapato yaachwe yapumzike.

Nilimaliza kidato cha nne na alama ya fizikia ambayo mwalimu aliiandika kwa penseli, nadhani kwa aibu. Siku yangu ya kwanza kazini, kwa mpiga video za harusi mmoja hapa mjini, nilipewa taa niishike. Ilitakiwa immulike bibi harusi. Niliimulika sufuria ya pilau dakika kumi na mbili nzima, na katika kanda ile, iwapo bado ipo, sufuria inang'aa vizuri na bibi harusi ni kivuli chenye shela. Kwa nini sikufukuzwa sijui mpaka leo. Nadhani hakukuwa na mwingine aliyekubali kubeba betri.

Baada ya muda niligundua kwamba kuna mtu katika kazi hii ambaye haendi harusini. Anakaa ndani, mlango umefungwa, kanda zinaletwa, anazikata na kuziunga, anaweka majina na mapambo. Wengine wameitwa na Mungu. Mimi niliitwa na kiti.

Basi nikawa mtu wa mapambo. Na huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, mteja akikuambia "weka kitu kidogo pale kwenye jina", anamaanisha dhahabu. Kwaya wanataka dhahabu. Saluni wanataka dhahabu. Mwenye duka la vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe machimboni, anataka dhahabu imwagike juu ya vipuri vyenyewe, kana kwamba mteja ataipata ndani ya boksi. Wenzetu wanashuka mashimoni kwa kamba kuitafuta. Mimi niliitoa kila siku nimevaa ndala. Sidhani kama yupo mtu katika ukanda huu aliyemwaga dhahabu nyingi kuliko mimi, wala aliyeiona kidogo kuliko mimi.

Dhahabu ile hutoka kwenye kitu tunachokiita emita. Kwa wasioijua: emita haionekani kwenye video. Ni nukta tu inayotema chembe. Unaiambia iteme ngapi kwa sekunde, kwa kasi gani, zielekee wapi, na kila chembe iishi muda gani kabla ya kufifia. Halafu programu inakuuliza nguvu ya mvutano na ukinzani wa hewa. Yaani fizikia niliyoikimbia shuleni ilinisubiri miaka kumi na tano, ikanikuta Ngokolo, nimekaa, sina pa kukimbilia.

Aliyenifundisha ni mwanamke anaitwa Saumu, mzaliwa wa Kigoma, aliyekuwa na studio yake Nyahanga, Kahama. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka tisa. Aliniita "kaka" kwa heshima zote, kisha akafuatisha maneno yasiyo na heshima hata kidogo. Mimi nilimwita mwalimu. Kwa kuwa sikuwa mtu wa kutoka, alinifundisha kwa simu. Ananiambia bonyeza hapa, nabonyeza pale, tunagombana, kazi inatoka. Kanuni yake ya kwanza: usiongeze chembe mpaka umejua zile chache zinafanya nini. Niliikubali kanuni hiyo na kuivunja siku hiyo hiyo.

Sasa nifike kwa Maduhu.

Maduhu alikuwa manju, yaani kiongozi, wa bugobogobo, ngoma ya majembe, kule Kishapu. Alikuja kwangu pamba ikiwa imeanza kuvunwa, na jembe lake limefungwa ndani ya gunia kama mtoto. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshakaa. Nikamuuliza jembe la nini. Akasimama, akalifungua, akalirusha juu likizunguka ili nione. Dari langu ni la mbao laini. Alama ipo mpaka leo.

Kwa vijana mliozaliwa mjini, ngoma kule haichezwi peke yake. Makundi mawili yanacheza siku moja, wakati mmoja, uwanja mmoja, moja upande huu na jingine upande ule, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Hakuna majaji wala kikombe. Ambaye watu wamejaa kwake jua likizama, huyo kashinda, na mwenzake anarudi nyumbani na ngoma zake kimya. Kila manju anasemekana ana dawa ya kuvuta watu, na kila manju anakana, huku akihakikisha hajakana sana.

Maduhu alikuwa ameachwa na watu misimu miwili mfululizo. Wazee wa kundi walishamwita na kumwambia kwamba watu wakihama tena safari hii, atakabidhi usinga wake kwa mwingine, akae na watazamaji. Alikuwa ameongoza miaka ishirini na sita. Alinieleza hayo kwa sauti ile ile ambayo mtu anaelezea mvua ilivyochelewa, huku anapangusa jembe kwa kiganja, na mimi niliyekuwa nimekasirikia dari nikaacha kulitazama.

Alitaka video fupi ya tangazo. Yeye anarusha jembe, jembe linazunguka hewani, na katika kuzunguka linatoa cheche. Video ingepelekwa kwa wale vijana wa minadani wanaorusha nyimbo kwenye memori kadi za simu, watu waione kabla ya siku yenyewe. Nikamwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nikampiga picha uani kwangu, ili nisisafiri.

Na kweli niliimaliza asubuhi moja. Nilipanda emita kwenye ncha ya jembe, nikaiambia iteme chembe ndogondogo za rangi ya dhahabu iliyokolea, kisha nikachukua leya nzima, yaani tabaka zima la picha, na chembe zote zilizomo, nikaizungusha pamoja na jembe. Nikaziongezea mtetemo kidogo ili ziwe na uhai. Nilipoitazama nikajisifu. Sikumpigia Saumu. Nani anamsumbua mwalimu kwa jambo analolijua?

Baada ya siku nne Maduhu alirudi. Safari hii hakubeba jembe, na salamu zilikuwa fupi.

"Baba Limi," aliniambia, "umeniwekea nzuki."

Nikamwambia zile ni cheche. Akatoa simu, akaicheza video mbele yangu, na kwa mara ya kwanza niliitazama kama mtu ambaye hakuitengeneza. Chembe hazikuruka kwenda kokote. Zilikaa katika fungu moja, za kahawia, zinatetemeka, na fungu zima linazunguka jembe, kisha linashuka na jembe mpaka kichwani kwa Maduhu na kuendelea kuzunguka hapo. Ulikosekana mlio tu.

Akanieleza kilichotokea mnadani. Watu walitazama, wakatazamana. Kwamba Maduhu ana dawa ya kuvuta watu, hilo wangeweza kuishi nalo. Manju anayetembea na nyuki kichwani ni habari nyingine. Akina mama wamesema hawapeleki watoto. Wachunga ng'ombe wamesema ng'ombe wao hawapiti hata njia ile. Na upande wa pili, kwa uungwana wao, walishatunga wimbo wa nyuki, na ulikuwa wimbo mzuri, alisema. Alijikuta anauimba njiani kwenye basi.

Ilikuwa Jumanne. Ngoma ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia nitaitengeneza upya.

"Utaitengeneza," akasema, "na utaileta mwenyewe. Utasimama uwanjani watu wakuone. Nyuki wana mwenyewe, na mwenyewe si mimi."

Niliomba udhuru wa mgongo. Akaniuliza kwani nyuki niliwatengeneza kwa mgongo.

Nilipompigia Saumu na kumtumia video alicheka mpaka nikasikia anakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akauliza yule mzee ni nani na ana shida gani, nikamwambia habari ya usinga. Akakata simu. Kesho yake asubuhi alishuka stendi, akaja moja kwa moja jikoni kwangu, akaomba ungo, maharage, na kopo la maziwa lililoisha.

Aliweka maharage kwenye ungo akauzungusha taratibu mezani. "Hii ndiyo kazi yako, kaka. Umezungusha ungo. Maharage yote yanazunguka pamoja, hakuna linalokwenda kwao." Kisha akatoboa kopo tundu moja ubavuni karibu na kitako, akalifunga kamba, akalijaza maji, akatoka nalo uani, akalining'iniza na kulizungusha. Maji yakaruka. Kopo lilikuwa linazunguka, lakini kila tone likishatoka lilikwenda zake moja kwa moja, bila kugeuka kuangalia nyuma, na yote kwa pamoja yakachora mduara unaofunguka, kama kamba inayokunjuka. Vumbi la uani likabaki na mchoro.

"Zungusha kopo," akasema. "Tone likishatoka si lako tena. Usilifuate."

Nimesoma vitabu viwili vya programu ile, vyote vinene. Hakuna kilichonieleza hivyo.

Yaliyofuata ni ufundi, na ninayaandika kwa ajili yenu kwa sababu bado mnayakosea. Leya msiiguse. Zungusheni emita peke yake, na mwendo wa kuzunguka uwe wa emita, si wa chembe zilizokwishazaliwa. Mdomo wa emita uwe mwembamba. Ukiuachia utapanuka pande zote, hamtaona mzunguko, mtaona moshi. Tulipofanya hivyo cheche zikaanza kukunjuka vizuri, lakini jembe la Maduhu linazunguka kwa kasi, na chembe zilikuwa zinazaliwa kwa mafungu, kila fremu, yaani kila picha moja ya video, fungu lake, zikaonekana nukta nukta kama rozari. Saumu akasema kama tasbihi. Tulibishana kidogo juu ya hilo, kisha tukaiambia programu izalishe chembe hata katikati ya fremu na fremu, na nukta zikaungana kuwa utepe. Halafu tukaona cheche zinazunguka kinyume na jembe. Hazikuwa kinyume kweli. Kasi tuliyochagua ililidanganya jicho, kama tairi la gari kwenye video linavyoonekana linarudi nyuma. Tukapunguza kidogo. Umri wa chembe tukauweka sekunde moja na nusu, zife kabla ya kufika kichwani kwa mtu. Hilo la mwisho nililidai mimi.

Kurenda, yaani kuiachia kompyuta itoe video iliyokamilika, kukachukua siku mbili za mchana, kwa sababu umeme ulikatika mara tatu, kila mara tukiwa tumekaribia mwisho. Siku hizi mashine zenu zinamaliza kabla chai haijapoa, na bado mnalalamika. Saumu alirudi Kahama Ijumaa. Mlangoni aliniambia nisifike kule nikaanza kueleza ukinzani wa hewa.

Jumamosi nikasafiri. Nilibeba televisheni, ungo na maharage yake, kopo la Saumu na mto wangu wa kulalia, na nilipoulizwa na kondakta mto ni wa nini nilimwambia wa televisheni. Kundi la Maduhu walikuwa wameazima jenereta na turubai la kutukinga jua ili picha ionekane. Kufika saa nne asubuhi, ngoma za pande zote mbili zilikuwa zimeshaanza.

Upande wa pili walikuwa wamejaa. Kutoka tulipokuwa niliona migongo tu, safu juu ya safu, na ule wimbo wa nyuki unaimbwa kwa furaha isiyo ya lazima. Upande wetu walikuwepo watu kumi na mmoja. Niliwahesabu mara mbili, na mara ya pili nikagundua mmoja ni mimi. Maduhu alikuwa amevaa njuga zake zote na usinga ameushika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshaambiwa amkabidhi nani. Wazee wa kundi walikaa kwenye benchi pembeni. Walikuwa wanalitazama jua.

Niliwasha video nikaicheza kwa wale kumi. Wakasema nzuri. Nikaicheza tena. Wakasema tumeiona.

Maduhu hakuitazama hata mara moja. Alinitazama mimi, kwa muda, kuanzia viatu hadi shati, kama anayepima gunia. Kisha akamwita mama mmoja muuza vitumbua, akamnong'oneza, na yule mama akabeba beseni lake akavuka uwanja kwenda upande wa pili. Nikajua anakwenda kutafuta wateja, na sikumlaumu.

Haikupita muda watu wakaanza kuvuka. Walitangulia akina mama, na watoto wao mgongoni, wale wale waliosema hawaleti watoto. Wakafuata vijana. Wakafuata wachunga ng'ombe na fimbo zao mabegani. Kufika saa saba turubai lilikuwa limezungukwa kiasi kwamba waliokuwa nyuma walipanda mkokoteni wa ng'ombe ili waone. Nikapewa kipaza sauti. Nikazungusha ungo wa maharage, nikazungusha kopo la maji, nikaeleza kwa Kisukuma changu cha mjini, ambacho kilichekwa kuliko nilivyotarajia. Nikacheza video. Jembe likapanda, cheche zikakunjuka pande zote na kufifia hewani, na hakuna hata moja iliyofika kichwani kwa mtu. Wengi, nilishangaa, walikuwa wananitazama mimi kuliko televisheni, na mzee mmoja aliyekuwa mbele kabisa alikuwa ananipa nafasi, anarudisha watu nyuma kwa fimbo yake ili nisibanwe. Nilidhani ni heshima. Sijawahi kuheshimiwa hivyo, si kabla wala baada.

Nilipomaliza wakabaki wamesimama, kama wanangoja kitu. Hapo Maduhu akapuliza filimbi. Ngoma zikalia, njuga zikaitika, na jembe la kweli likaenda juu likizunguka kwenye jua. Mimi niliyekuwa nimelitazama kwa fremu moja moja wiki nzima sikuwahi kuliona likipanda namna ile. Akalidaka nyuma ya mgongo. Watu wakapiga vigelegele, na baada ya hapo sikuona mtu aliyekumbuka kuvuka kurudi. Jua lilipozama, upande wa pili walikuwa wanafunga ngoma zao kimya, na wazee wa benchi walikuwa wanacheza. Maduhu alinijia anatiririka jasho, usinga umo kiunoni, akanishika mkono. "Wabeja, Baba Limi," akasema, yaani asante, na akacheka kicheko kirefu ambacho nilikielewa kuwa ni shukrani.

Aliongoza misimu mingine saba. Mimi nilirudi Ngokolo na mto wangu, na sikutoka tena kikazi. Lakini emita niliyoizungusha wiki ile niliitumia mpaka siku ya mwisho: kwenye majina ya maharusi, kwenye nembo za maduka ya Kahama na Geita, kwenye kwaya ambazo nyota zilifunguka nyuma yao wakiimba. Kila mwanafunzi aliyekaa kwenye kile kiti nilimwonyesha ungo na kopo, kisha nikamsimulia siku ambayo mzunguko sahihi wa emita ulihamisha umati mzima kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine. Baadhi yenu mmeisikia mara nyingi. Samahani, lakini ndiyo hadithi pekee niliyonayo ambayo nimo ndani yake nimesimama.

Juzi Mama Kulwa alikuja kuazima ungo. Mtu aliyestaafu ana muda, nikamwambia asubiri, nikamtolea ile video kwenye simu, nikaanza habari ya Maduhu tangu dari mpaka vigelegele. Aliitazama mara moja. Kisha akaacha kutazama simu akanitazama mimi, kuanzia ndala hadi shati, akaniuliza kama ndimi niliyekuwa na televisheni chini ya turubai. Nikasema ndimi. Akasema alikuwepo, na Kulwa na Doto walikuwa bado wanabebwa. Nikamwuliza, nikijaribu kutotabasamu, ni nini hasa kilichowafanya wavuke uwanja. Akauweka ungo kwapani.

"Baba Limi, hakuna aliyehama kwa ajili ya hizo cheche. Muuza vitumbua alikuja kutuambia fundi wa mjini aliyeleta nyuki atachapwa fimbo mbele za watu, tukaacha ngoma nzuri tukaja kuangalia, na mpaka jua linazama hukuchapwa."